Nyonga Haioti kwa Pakiti

Kuanzia Nyasubi na kata nyingine za Kahama, kupita Kakola hadi Nyarugusu na Geita mjini, imejengeka imani ambayo wengi sasa huitaja kama jambo lisilo na ubishi: kwamba nyonga iliyoharibika inaweza kuoteshwa upya kwa seli shina, na kwamba anayekubali kupasuliwa na kuwekewa nyonga bandia amekosa habari tu. Imani hiyo huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni pakiti za unga zinazouzwa mkono kwa mkono na mawakala wa biashara za mtandao, unga unaodaiwa kuwa na seli shina za tofaa na zabibu. Ya pili ni sindano za seli zinazotangazwa na kliniki za nje ya nchi, ambako familia zenye ng'ombe wa kuuza au hisa kwenye duara, yaani shimo la machimbo, huhimizwa kupeleka wagonjwa wao. Ya tatu ni habari za kweli kutoka maabara za Marekani na Ulaya, zinazozunguka kwenye simu bila tarehe wala maelezo, hadi jaribio la maabara linasomeka kama tiba inayotolewa leo. Sura ni tatu, lakini ushauri unaotoka humo ni mmoja: usikubali kukatwa, subiri, gegedu litaota. Ushauri huo ndio ninaoupinga hapa. Sayansi ya seli shina siipingi. Ni ya kweli, na nchi yetu imeshaanza kuitumia. Ninachopinga ni kumsubirisha mgonjwa ambaye nyonga yake haina muda wa kusubiri, kwa jina la sayansi ambayo haijawahi kumwambia asubiri.

Tuanze na kiungo chenyewe, maana ubishi mwingi hutokana na kutojua kilichoharibika ni kipi. Kichwa cha fupa la paja, duara kama mpira, kimeingia ndani ya tundu la mfupa wa nyonga, na pande zote mbili zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na jeupe lenye unene wa milimita chache tu. Kwa kila hatua ya kawaida nyonga hubeba mzigo unaozidi mara mbili ya uzito wa mwili. Mtu akijikwaa, au akipandisha kiroba cha mawe begani, mzigo huo huongezeka sana. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hujipatia chakula kutoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na kwa sababu halina damu ya kuleta ukarabati, likishachanika halirudi lilivyokuwa. Jambo hilo liliandikwa na William Hunter, daktari wa London, tangu mwaka 1743, na karne karibu tatu za utabibu hazijalikanusha. Mfupa ulio chini ya gegedu uko kinyume chake. Uhai wake wote unategemea damu, na damu inayofika kwenye kichwa cha fupa la paja hupita katika mishipa michache myembamba inayopanda kwenye shingo ya mfupa huo. Mishipa hiyo ikiziba au ikikatika, mfupa hufa ungali ndani ya mwili wa mtu aliye hai.

Sasa tuangalie ni nani anayechechemea katika ukanda huu. Kwa wazee wa Ulaya nyonga huchakaa pole pole, gegedu likilika miaka mingi hadi mfupa ukagusana na mfupa. Hali hiyo ipo hata kwetu, hasa kwa watu waliobeba mizigo na kulima maisha yao yote. Lakini kijana wa miaka 20 au 25 anayeburuza mguu mara nyingi ana historia nyingine, na jina la kwanza la kuuliza ni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotajwa zaidi ni watoto 11,000 kila mwaka. Kanda ya Ziwa imebeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Bugando na wenzao, ukachapishwa mwaka 2020 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, ulipima zaidi ya sampuli 17,000 za damu ya watoto kutoka mikoa tisa ya kaskazini-magharibi. Mtoto mmoja kati ya kila watano alikuwa amerithi jeni la selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi ya mmoja kati ya kila mia moja alikuwa na ugonjwa kamili. Chembe za damu za mtoto huyo wa pili hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa myembamba, na mishipa ya kichwa cha fupa la paja ni myembamba kuliko mingi. Huko Marekani, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuatilia wagonjwa 2,590 wa selimundu na kukuta takriban mmoja kati ya kumi tayari ana nyonga iliyoanza kufa. Kadiri umri unavyosogea ndivyo idadi inavyopanda.

Selimundu haiko peke yake. Kijana wa bodaboda aliyegongwa na nyonga ikachomoka tunduni ana saa chache za kurudishiwa mfupa wake mahali pake. Madaktari wa mifupa huhesabu sita. Kadiri saa zinavyopita, akiwa kwa muunga mifupa akikandwa kwa maji ya moto, ndivyo hatari ya kichwa cha mfupa kukosa damu inavyoongezeka. Kisha ipo sababu ambayo haisemwi vya kutosha: dexamethasone na prednisolone. Vidonge hivi ni dawa muhimu zikitolewa na daktari kwa sababu maalumu. Lakini katika Afrika Mashariki na Kongo humezwa kiholela kwa ajili ya kunenepa, na wakati mwingine huchanganywa kwa siri ndani ya dawa zinazouzwa kama za asili za maumivu ya viungo. Matumizi makubwa au ya muda mrefu ya dawa za kundi hilo ni miongoni mwa sababu zinazojulikana zaidi duniani za kufa kwa kichwa cha fupa la paja. Pombe kali ya kila siku ni nyingine. Kwa hiyo mtu anayenunua dawa ya nyonga isiyojulikana ilivyochanganywa anaweza kuwa anaiua nyonga hiyo hiyo, huku maumivu yakipungua na yeye akishukuru.

Katika sababu zote hizo, kinachotangulia kufa ni mfupa. Gegedu, kwa kuwa halihitaji damu, hubaki zima kwa miezi na hata zaidi, likiwa limelala juu ya mfupa usio na uhai. Ni pale mfupa unapobonyea ndipo gegedu linapokunjamana, linapochanika na hatimaye kumomonyoka. Mchimbaji yeyote aliyeshuka kwenye duara atalielewa hili bila kufundishwa: ardhi inapotitia, kosa haliko kwenye nyasi za juu, liko kwenye matimba yaliyooza chini, na kupanda nyasi mpya hakutaizuia isizidi kutitia. Hapa ndipo hoja ya kuotesha gegedu inapoanguka, hata kabla hatujauliza kama inawezekana. Tukubali kwa muda kwamba kesho gegedu jipya, zima na imara, litapatikana dukani. Likiwekwa juu ya kichwa cha mfupa kilichobonyea litavunjika kama la kwanza lilivyovunjika. Anayemwahidi kijana mwenye selimundu gegedu jipya amemwahidi kitu ambacho hakikuwa tatizo lake la kwanza.

Je, gegedu lenyewe linaoteshwa? Wanaoamini hivyo wana ushahidi wao, na ni haki tuutazame ulivyo. Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo ya wagonjwa 23 waliokuwa na matundu kwenye gegedu la goti. Walichukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza maabara, wakazirudisha ndani ya tundu. Kwa wale 16 ambao tundu lilikuwa kwenye ncha ya fupa la paja, 14 walikuwa na hali nzuri baada ya miaka miwili. Kwa wale 7 ambao tundu lilikuwa nyuma ya pia ya goti, walionufaika walikuwa 2. Somo la pale ni mahususi: tundu dogo, lenye kingo nzima, kwenye goti ambalo mpasuaji hulifikia kwa urahisi, kwa kutumia seli za gegedu ambazo hata si seli shina. Nyonga imefichwa ndani, tundu la mfupa wake ni la kina, na inapokuwa imechakaa hakuna kingo nzima za kushikia chochote.

Ushahidi wa pili ni ule unaozunguka sana kwenye simu. Mwaka 2016 Farshid Guilak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walitangaza kwamba wamefuma kitambaa kwa mafungu takriban 600 ya nyuzi zinazoyeyuka mwilini, wakakipa umbo la kichwa cha nyonga, wakakipandikiza seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya mwili, na seli hizo zikatengeneza gegedu. Waliongeza hata jeni linaloweza kuwashwa kwa dawa ili kutoa kinga dhidi ya uvimbe wa kiungo. Ni kazi ya ajabu, na nasema hivyo kwa dhati. Lakini gegedu lile lilikua maabara, halikuwa ndani ya mwili wa mtu anayetembea. Baadaye vipandikizi vilivyofumwa kwa njia hiyo vilijaribiwa kwenye nyonga za mbwa. Safari ya kutoka kwa mbwa hadi kwa kijana wa Kahama ina hatua nyingi, na kila hatua inaweza kushindwa. Aliyekutumia habari ile kwenye simu bila kukuambia hayo amekuuzia mwaka ambao haujafika.

Sindano za seli zina kesi tofauti, kwa sababu zenyewe zimeshachomwa kwa maelfu ya watu na kwa hiyo zinaweza kupimwa. Jaribio kubwa la aina hiyo lilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Medicine. Wagonjwa 475 wa Marekani wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walichomwa seli kutoka kwenye uloto wao wenyewe, wengine seli kutoka kwenye mafuta yao, wengine seli za kitovu cha mtoto mchanga, na wengine walipata sindano ya kawaida ya kotikosteroidi ambayo ni nafuu na ya zamani. Baada ya mwaka mmoja hakuna kundi la seli lililoishinda sindano ya kawaida kwa maumivu, na picha za MRI hazikuonyesha gegedu lililoota kwa yeyote kuliko kwa mwingine. Hilo lilikuwa goti, kiungo kilicho rahisi kuliko nyonga. Mamlaka ya dawa ya Marekani, nchi ambako matangazo mengi ya sindano hizi hutokea, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa ajili ya kutibu viungo vilivyochakaa, na imekuwa ikiwaonya wananchi wake. Mtu akiuza ng'ombe ishirini kwenda kununua kile ambacho nchi ya muuzaji haijakiidhinisha, hatupaswi kuliita hilo maendeleo.

Pakiti za unga hazihitaji maneno mengi, ila kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa zaidi, lazima zisemwe. Seli ni kitu hai chenye utando na maji ndani. Ikikaushwa kuwa unga inakufa, na ikimezwa tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya wali wa Kahama. Seli ya tofaa, hata ingebaki hai, inajua kutengeneza tofaa. Haina maelekezo ya kutengeneza gegedu la binadamu, na mwili wa binadamu haungeipokea. Wauzaji hujibu kwamba bidhaa yao imesajiliwa. Msomaji aulize: imesajiliwa kama nini? Mwaka 2019 usimamizi wa vyakula ulihamia Shirika la Viwango, TBS, na dawa zikabaki chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kitu kilichopitishwa kama chakula kimethibitishwa kwamba kinalika. Hakuna aliyethibitisha kwamba kinatibu, na anayekitangaza kuwa kinatibu nyonga anavuka kibali alichopewa.

Nimeacha kwa makusudi ushahidi wenye nguvu kuliko wote upande wa seli shina, kwa sababu ndio unaoamua kesi hii. Philippe Hernigou, daktari wa mifupa wa hospitali ya Henri Mondor iliyoko Créteil karibu na Paris, alifanya jambo rahisi ukilieleza. Alifyonza uloto wa mgonjwa kutoka kwenye mfupa wa nyonga, akauzungusha kwenye mashine ili kukusanya seli shina zilizomo, akatoboa njia nyembamba hadi ndani ya kichwa cha mfupa kilichokosa damu, akazipeleka seli huko. Hakugusa gegedu. Alitaka mfupa upate tena uhai kabla haujabonyea. Mwaka 2002 alichapisha matokeo ya wagonjwa 116 wenye nyonga 189, waliofuatiliwa kwa miaka 5 hadi 10. Nyonga zilizotibiwa kabla ya kubonyea zilikuwa 145, na katika hizo ni 9 tu zilizolazimika baadaye kubadilishwa na kuwekwa bandia. Zilizotibiwa baada ya kubonyea zilikuwa 44, na 25 kati yake zilibadilishwa. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo haumalizi mjadala. Lakini hata tukiuchukua kwa ukarimu wote, unasema nini? Daktari ni yule yule, njia ni ile ile, na kinachotofautisha ni mgonjwa alifika lini.

Hii ndiyo hoja yangu, na msomaji anayetaka kunipinga aanzie hapa. Seli shina za nyonga, pale zilipoonyesha dalili ya kusaidia, zimesaidia mapema, kabla kichwa cha mfupa hakijabonyea. Mtu anayekunywa unga kwa mwaka mmoja, au anayedunduliza fedha za sindano ya ng'ambo kwa miaka miwili, au anayengoja tu kwa sababu amesikia kwamba sayansi inakuja, anavuka mstari huo akiwa nyumbani. Atakapofika hospitali, hata hiyo tiba ya seli aliyoisubiri haitamfaa tena. Imani katika seli shina, kwa jinsi inavyoshikwa katika ukanda wetu, inamnyima mgonjwa seli shina zenyewe.

Watu watasema: mbona fulani alikunywa akapona? Siwadharau wanaosema hivyo, na siamini kwamba wote wanadanganya. Maumivu ya nyonga inayokufa hayaendi kwa mstari mmoja. Hupanda, hutulia, hurudi. Maumivu makali ya ghafla ya selimundu huisha yenyewe baada ya siku kadhaa hata mgonjwa asipokunywa kitu. Mtu hununua dawa pale maumivu yanapokuwa makali kupita yote, na baada ya kilele kinachofuata kwa kawaida ni nafuu. Dawa yoyote iliyomkuta hapo itapewa sifa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, wakanywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 na wengi walirudi wakishuhudia uponyaji wao kwa moyo mweupe. Ushuhuda wa dhati haukugeuka kuwa kipimo wakati ule, na haugeuki sasa. Kipimo cha nyonga ni picha. Anayedai gegedu limeota alete picha ya kabla na ya baada, zilizopigwa hospitali, za mtu yule yule. Wakala anayelipwa kamisheni kwa kila mteja mpya hawezi kuwa msomaji wa picha hiyo.

Pingamizi zito zaidi linahusu chuma. Husemwa kwamba nyonga bandia ni ya wazee, kwamba haidumu, kwamba ni ghali, kwamba mwenye selimundu hufa mezani. Kila neno hapo lina punje ya kweli, na kila punje imekuzwa. John Charnley alianza kubadilisha nyonga kwa mfumo wake katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, na kwa muda mrefu kazi hiyo ililenga wazee kweli. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, kwa kutumia kumbukumbu za nchi zinazoandika kila nyonga inayowekwa, ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 kati ya kila 100 hudumu miaka 25. Kijana wa miaka 25 atahitaji pengine kuirudia, hilo lazima aambiwe wazi. Lakini alinganishe na nini? Bila upasuaji, ana miaka hiyo hiyo 25 ya magongo, ya kulala ubavu mmoja, ya kushindwa kulima na kushindwa kushuka duara. Mwenye selimundu ana hatari kubwa zaidi ya maambukizi na ya nyonga kulegea, ndiyo maana hupasuliwa katika hospitali inayoweza kumwandaa kwa damu, maji na dawa. Upasuaji huo unafanyika nchini: Bugando, KCMC, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na Mloganzila. Gharama ni kubwa, nakubali bila kupunguza neno. Kwa hiyo vita halali ni kuhakikisha kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inapotekelezwa, inaihesabu nyonga bandia kuwa haki ya mgonjwa wa selimundu. Fedha zinazokwenda kwenye pakiti hazipunguzi gharama hiyo hata kwa shilingi moja.

Wala upasuaji sio mlango pekee. Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio dogo la Marekani lililowagawa wagonjwa wa selimundu wenye nyonga zilizoanza kufa: wengine walitobolewa mfupa ili kupunguza shinikizo na kufanya mazoezi tiba, wengine walifanya mazoezi tiba peke yake. Baada ya wastani wa miaka mitatu, waliofanya mazoezi peke yake walikuwa na hali nzuri sawa na wenzao. Mtaalamu wa mazoezi tiba yupo katika hospitali za rufaa za mikoa. Hatangazwi kwenye semina za fursa kwa kuwa hakuna wa kumlipa kamisheni, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote: kilichothibitishwa kwamba kinasaidia kimekaa kimya chumbani, na kisichothibitishwa kina vipaza sauti.

Wapo watakaoniambia kwamba maneno yangu yanawafungia Waafrika mlango wa sayansi mpya. Historia ya karibu inajibu. Mwaka 2011 mpasuaji Paolo Macchiarini, akiwa Karolinska nchini Sweden, alimwekea mgonjwa koo la hewa la plastiki lililolowekwa kwenye seli za uloto wake, akatangazia dunia kwamba seli hizo zitalifanya kuwa kiungo hai. Mgonjwa yule wa kwanza alikuwa mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Seli hazikuotesha kitu. Alifariki mwaka 2014, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo kwa madhara aliyowafanyia wagonjwa wake. Mtoto wa Afrika Mashariki ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipia ahadi iliyotangulia ushahidi. Upande mwingine, Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikizia watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao unaolingana na wao. Hiyo ndiyo tiba ya seli shina iliyothibitishwa, na iko Tanzania. Inaweza kuondoa selimundu yenyewe. Nyonga ambayo tayari imebonyea haiirudishi, na madaktari hawajamwahidi mtu hilo.

Maofisa wa afya wa Kahama, Msalala na Geita wana kazi ambayo haihitaji maabara ya St. Louis. Kila kliniki ya selimundu imuulize mgonjwa kila anapokuja kama anaumwa kinena, na imtazame akitembea. Kila zahanati ijue kwamba maumivu ya goti kwa kijana mwenye selimundu yanaweza kutoka kwenye nyonga, kwa sababu mishipa ya fahamu ni ile ile, na kwamba kupiga picha ya goti na kumrudisha nyumbani ni kumpotezea miezi. Maduka ya dawa yaache kuuza dexamethasone kwa anayetaka makalio makubwa. TMDA na TBS wafike kwenye semina za pakiti wasikie kinachosemwa humo, kwa masikio yao.

Na wewe mzazi wa mtoto mwenye selimundu, au kijana unayesoma haya huku kinena kikikuuma kwa wiki ya pili au ya tatu: usinunue kitu kwanza. Nenda hospitali, omba eksirei ya nyonga zote mbili, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hushika pande mbili hata kama unaumwa moja. Eksirei ikitoka safi na maumivu yakaendelea, usifurahi mapema. Omba rufaa ya kupigwa MRI, maana eksirei haioni mfupa unaokufa katika hatua za mwanzo. Fanya hivyo mwezi huu.